Kimbia Taratibu, Baba Zuhura

Ulipoanza kukimbia, mume wangu, vumbi la mtaa wetu wa Nyamugari ndilo lililotangulia kushangaa. Lilikuwa limezoea hatua zako: nzito, za heshima, za mtu anayekwenda msikitini akijua kwamba safu itamwachia nafasi ya watu wawili. Asubuhi ile ya kiangazi lilikurupuka chini ya viatu vyako, jekundu, likapanda kuta, likaingia kwenye chai ya majirani, likatua juu ya shuka nilizoanika. Likauliza, kwa ulimi wake wa vumbi: huyu naye anafukuzwa na nani?

Nami nilisimama mlangoni, kanga begani, nikauliza hilohilo.

Maana wewe, Sudi, ni mtu wa magodoro. Unayashona, unayajaza, unayauza katika soko la Gitega, na mteja akikuuliza kama godoro ni zuri humjibu kwa maneno. Unajilaza juu yake. Unafumba macho. Mteja anangoja, anakohoa, anakwenda kula, anarudi, anakukuta bado unamjibu.

Mtu wa namna hiyo hakimbii. Mtu wa namna hiyo hukimbiliwa.

Lakini kulikuwa na mdogo wangu, Farida.

Farida ameolewa Muyinga, na si mjini. Ameolewa juu, kwenye kilima cha Rugasa, pale barabara inapochoka na migomba inapoanza. Mtoto wake wa kwanza alipotaka kutoka, gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. Mwaka ule Burundi nzima ilikuwa inalala kwenye foleni ya mafuta, matajiri na madumu, wote wamejipanga. Basi wanaume wakamlaza kwenye ingobyi, machela yetu ya mianzi na kamba, wakaiweka mabegani, wakashuka naye. Hakufika. Alizalia chini ya mikaratusi, kando ya njia, juu ya kitenge cha mama mkwe wake. Mtoto aliishi. Farida mwenyewe alivuja damu mpaka akaacha kuitika jina lake, na nilipokaa kando ya kitanda chake hospitalini nilijifunza kwamba mtu anaweza kuomba dua bila maneno, kwa kuuma meno tu.

Alipona. Na sasa alikuwa na mimba nyingine.

Kule Muyinga kuna nesi anaitwa Gaudensia, mwanamke mwenye sauti ya filimbi hata filimbi ikiwa mfukoni. Ni yeye aliyewaza: tutafute baiskeli imara, nyuma yake tufunge kitanda cha magurudumu, tuiache kilimani ingoje wazazi. Baiskeli haipangi foleni. Baiskeli inakula ugali wa anayeiendesha, basi. Na ili ipatikane, watu wakimbie kutoka Rugasa mpaka mjini, njia ileile wanayoshushwa mama zetu. Kila mkimbiaji ajitafutie watu wa kuahidi kitu, na akifika, ahadi itimizwe.

Habari hiyo ilikukuta umelala juu ya bidhaa. Ukafumbua jicho moja.

"Mama Zuhura," ukasema, "mi nitakimbia."

Nikadhani unaota. Nikakufunika.

Kumbe hukuwa unaota. Kesho yake ulizunguka sokoni kuomba, na uliomba vizuri, kwa upole, ukieleza habari ya Farida, ya mikaratusi, ya damu. Watu walisikitika. Walitikisa vichwa. Walisema Mungu mkubwa. Kisha kila mmoja akakumbuka kwamba biashara ni mbaya, kwamba mvua iliyopita haikuwa mvua, kwamba mjomba wake anaumwa. Huruma yao ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa huruma yenye mikono nyuma.

Ndipo ukataja, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba mkimbiaji ni wewe.

Soko likacheka. Kicheko kilianza kwa wauza nyanya, kikapita kwa wauza dagaa, kikafika kwa Cubaka, jirani yako, Mkongo wa Uvira, muuza vitenge, mwimbaji wa kwaya, mtu mwembamba kama uzi wa vitenge anavyouza. Cubaka akashika nguzo asianguke.

"We Sudi? We ndiyo utakimbia?" akauliza. "Na hiyo tumbo, nani ataibeba?"

"Tutaenda pamoja," ukamjibu. "Mi na yeye hatujawahi kuachana."

"Bon. Sikia. Ukifika, mi natoa baloti moja ya vitenge. Robota nzima. Iuzwe, inunue hiyo kitanda ya magurudumu. Mais, usikae njiani. Usibebwe. Usipande kitu hata kimoja."

"Mi natoa beberu," akasema Houssein, muuza nyama, akifuta machozi kwa aproni. "Ile kubwa."

Na Kassimu wa duka la baiskeli, mtu ambaye hajawahi kumpa mtu hata upepo wa pampu, akatoka nje kuona kunachekwa nini. Alipoelezwa, akakuangalia kuanzia juu mpaka chini, akachukua muda wake, maana njia ilikuwa ndefu na pana. Kisha akasema, mbele ya mashahidi, kwamba yeye atatoa baiskeli yenyewe. Mpya. Na kengele yake.

Hivyo ndivyo kicheko kilivyotoa kile ambacho huruma ilinyima. Kila mmoja alitoa kwa moyo mweupe, moyo wa mtu aliye na hakika kwamba hatadaiwa.

Ulirudi nyumbani jioni hiyo ukinyata. Ukakaa kitandani, kitanda kikasema neno lake la kila siku. "Mama Zuhura," ukaniuliza, "mtu anakimbia namna gani?"

Mimi nilikulia Kigoma, kwa hiyo Kiswahili changu kimevaa viatu. Chako kinatembea peku, na mara nyingi kinafika kabla ya changu. Lakini swali hilo halikuwa na jibu katika Kiswahili cha kwako wala cha kwangu. Nikakwambia: "Unatembea, halafu unachukia kutembea."

Ukaanza. Kila alfajiri baada ya swala ukatoka, na mimi mlangoni nikasema nyuma yako: kimbia taratibu, Baba Zuhura, kimbia taratibu. Siku ya kwanza ulifika bombani ukarudi. Siku zilizofuata ulifika mbali zaidi, ukarudi juu ya baiskeli ya teksi, na mwenye baiskeli anatembea kando yake akiisukuma kwa masikitiko. Jumapili ukajiunga na vijana wa mtaa wa Musinzira, wale wanaokimbia kwa kundi wakiimba, wakipiga makofi, wakipanda mwinuko kama wanateremka. Walianza wewe ukiwa katikati. Baada ya kona moja ulikuwa nyuma. Baada ya kona nyingine walikuwa wimbo wa mbali, na wewe ukawa unaitikia kiitikio peke yako barabarani, mbele ya wanawake wanaotoka misa ya kwanza, kwa sauti nzuri, usiache hata neno.

Nilicheka, ndiyo. Nilicheka ndani ya mtandio. Lakini usiku kifua chako kilipiga mluzi kama birika, na mimi niliyekuwa nikicheka mchana nikalala na kiganja changu juu ya kifua hicho, nikikisikiliza, nikikibembeleza. Taratibu. Wewe nawe taratibu. Usinifanye mjane kwa ajili ya baiskeli.

Siku ya safari ikafika. Ulikuwa na magodoro ya kupeleka Muyinga, basi tukapanda lori pamoja nayo, na kwa kuwa wadhamini wako walisema lazima waone kwa macho yao, walipanda pia. Hivyo ndivyo msafara wa wakimbiaji wa Gitega ulivyopita Karuzi: umelala chali. Wewe umelala, Houssein amelala na jiko lake la mkaa kifuani, Cubaka amelala na viatu vyake vya kwaya vimeelekea mbinguni, na mimi katikati ya magodoro nimeketi wima, peke yangu, kama mtu anayesindikiza majeruhi. Watoto wa njiani walitupungia mkono kwa huzuni. Kassimu hakuja. Alisema ana imani nawe kabisa, kwa hiyo hahitaji kuona ukishindwa.

Rugasa asubuhi. Ukungu bado umekumbatia migomba. Wakimbiaji wamejipanga: walimu, waendesha baiskeli, wasichana wa sekondari wenye miguu ya swala, padri mmoja mwenye kaptula. Na wewe, mume wangu, katika fulana uliyoshona mwenyewe kwa kitambaa cha godoro, kile cha mistari ya buluu, kwa sababu sokoni hakukuwa na saizi yako. Farida alikuwa ametangulia mjini kutungoja, tumbo lake mbele, mkono wake kiunoni. Kabla ya kuondoka alikuwa amekuambia, "Shemeji, ukichoka uache. Mimi sitakulaumu." Nawe ulimwitikia vizuri. Lakini nilikuona ukiangalia ile njia inavyoshuka, inavyopanda, inavyojificha nyuma ya mikaratusi, na nikajua kwamba huwezi kuacha, na nikajua kwamba huwezi kufika, na mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu kama wake wenza.

Gaudensia akapuliza filimbi.

Wote wakaenda. Vumbi likaenda nao. Na lilipotulia, ukawa umebaki wewe, umeondoka bila shaka, lakini bado uko pale.

Nikaja kando yako. Wewe ukikimbia, mimi nikitembea, tulikuwa sawasawa. Sijui kama wapo mume na mke waliowahi kukubaliana mwendo vizuri namna ile. Nikakusemesha njia nzima. Nikakuonyesha shamba la kahawa, nikakuonyesha mbuzi, nikakuonyesha bibi mmoja aliyetoka na kiti chake akakaa kututazama, akaona tunachelewa kupita, akaingia ndani kuchambua maharage. Kimbia taratibu, Baba Zuhura. Ukaniambia kwa pumzi iliyokatikakatika, "Kuna... taratibu... ingine... chini ya hii?"

Simu yako ikaita. Alikuwa Kassimu, kutoka Gitega.

"Sudi, rudi haraka," akasema, sauti yake imejaa wasiwasi wa dunia nzima. "Iko mteja hapa. Mwenye hoteli. Anataka magodoro ya vyumba vyote. Anakungoja wewe tu. Kaa chini hapo ulipo, tutume mtu akuchukue."

Ukakimbia kidogo na simu sikioni. Niliona hoteli nzima ikipita machoni mwako, vyumba kwa vyumba. "Mwambie," ukasema, "alale... kwanza... juu ya ile ya dirishani. Akiamka... nitakuwa... nimerudi."

Kwenye daraja la mto tukamkuta Houssein. Alikuwa ametangulia kwa baiskeli ya teksi, amewasha jiko lake katikati ya njia, na moshi wa brosheti, mishikaki ya mbuzi, umetanda kama pazia la arusi. Mafuta yanadondoka, makaa yanajibu. Benchi moja fupi limewekwa pembeni, limefutwa vumbi.

"Karibu, kaka," akasema Houssein kwa upendo mkubwa. "Mtu hali chakula akiwa amesimama. Ni adabu mbaya."

Ukamfikia. Ukanyoosha mkono, ukachukua mshikaki mmoja, ukachukua wa pili, ukapita. Hakuna aliyesema usile. Houssein alibaki na pilipili mkononi, na nikamsikia nyuma yetu akimwambia beberu wake, ambaye alikuwa Gitega asiyejua lolote, maneno ya kuagana.

Kisha ukaja mwinuko wa mwisho.

Siusahau mwinuko ule. Ni ule wa mikaratusi, pale pale alipozalia Farida. Nilijua bila kuambiwa, kwa jinsi majani yalivyokuwa yakinong'ona. Wewe nawe ulijua, maana uliacha kutania. Jua lilikuwa limepanda. Jasho lilikuwa limefuta mistari ya fulana yako. Hatua zako zilikuwa fupi, kisha fupi zaidi, kisha zikawa nia tu ya hatua. Na pale juu, penye kivuli, Cubaka, naye aliyetangulia kwa baiskeli, alikuwa amesimama na kiti.

Kiti cha plastiki, cheupe, chenye mikono. Alikuwa amekitandika kitenge, kitenge kizuri, chenye ndege. Amekiweka kikielekea upepo.

"Sudi," akasema, na safari hii hakucheka. "Ndugu yangu. Imetosha. Mi nimekuona tangu chini. Hakuna mtu wa soko atakucheka tena, mi nitamfunga mdomo. Kaa."

Ukasimama mbele ya kile kiti. Uliniangalia.

Nami nikataka kukuambia: kaa. Neno lilikuwa mdomoni, limeiva. Niliuona uso wako umekuwa wa rangi ya majivu, nikausikia mluzi wa kifua chako, nikafikiri: baiskeli itapatikana kwa njia nyingine, lakini mtu huyu atapatikana wapi? Nani mwingine ataniuliza mtu anakimbia namna gani? Nilifungua kinywa.

Ndipo sauti za wanaume zikatoka kwenye njia ya pembeni, kwenye migomba. "Tupisheni, tupisheni."

Walikuwa wanne, na mabegani mwao ingobyi, na ndani ya ingobyi mwanamke amefunikwa shuka, anaugua kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayebana mlango usifunguke. Nyuma yao mama yake anakimbia na beseni. Wakafika karibu nasi, na mmoja wa wale wanne akakanyaga jiwe, mguu ukapinduka, akaanguka kwa goti. Machela ikayumba. Mwanamke akalia.

"Lucia, mwanangu, jikaze," mama yake akasema. "Karibu tunafika." Na alikuwa anadanganya, maana mjini kulikuwa bado mbali.

Sikukuona ukiamua. Nilikuona tu tayari umeinama, mti wa ingobyi umelala begani mwako, begani pale panapobeba magodoro tangu ujana. Yule aliyebeba upande wa nyuma alikuwa mzee, anahema kuliko wewe. Ukageuza kichwa.

"Cubaka," ukasema. "Kuya."

Na Cubaka akaja. Na viatu vyake vya kwaya, vyenye ncha kama kalamu, akaja, akachukua nafasi ya yule mzee. Mtu aliyeteguka mguu akakaa kwenye kile kiti cha plastiki, juu ya ndege wa kitenge, na hivyo kiti kile hakikuandaliwa bure.

Mkaondoka.

Mume wangu, mimi nimekujua tangu ukiwa kijana wa kiuno chembamba, lakini sijawahi kukuona ukienda kama ulivyokwenda. Sasa ulikuwa na uzito wa kubeba, na kubeba ndiyo kazi unayoijua. Mguu wako ukapata sababu. Mteremko ukakupokea. Wanaume wa kilimani wakaanza kuimba ule wimbo wa wabebaji, mmoja anauliza, wengine wanajibu, na Cubaka asiyejua maneno akaingiza sauti ya pili ya kwaya, juu, tamu, kama Jumapili. Nilikuwa natembea, nikaona siwafikii, nikashika kanga yangu mkononi, nikakimbia. Mimi pia. Na sasa sikusema taratibu. Nilisema kimbia, Baba Zuhura, kimbia, kimbia.

Mjini, sherehe ilikuwa imekwisha zamani. Wasichana wa sekondari walikuwa wamekwisha kuoga. Utepe ulikuwa umekunjwa, meza zinabebwa. Ila Gaudensia alikuwa bado amesimama pale pa mwisho, kwa sababu kuna mkimbiaji mmoja hajafika, na Farida kando yake, mikono juu ya tumbo.

Waliona kwanza ingobyi. Gaudensia hakuuliza. Akapuliza filimbi ile mpaka soko la Muyinga likageuka, akatanua mikono, akawapasua watu njia kama anayefungua pazia, na mkapita. Mlipita pale pa mwisho mbio, wala hamkupajua. Katika ninyi, aliyetangulia kuvuka mstari wa mbio za wazazi alikuwa mzazi mwenyewe.

Farida hakupiga kigelegele. Alimtazama yule mwanamke akipita juu ya mabega, akamtazama mpaka akapotea kwenye lango la hospitali, kisha akautafuta mkono wangu akaushika, akaushika sana, mpaka pete yangu ikaniuma.

"Dada," akasema, "ndivyo nilivyokuwa?"

"Ndivyo walivyonisimulia."

"Na walikuwa wanakimbia hivi?"

Tukawafuata, mkono kwa mkono, mpaka hospitalini.

Tulingoja chini ya dirisha la wodi ya wazazi. Houssein alifika na jiko lake, akalipoza kwa heshima. Na alasiri, mtoto akalia. Sauti ndogo, yenye hasira, sauti ya mtu aliyekatishwa usingizi. Kisha Gaudensia akachungulia akasema ni msichana, na mama yake anaomba chai. Cubaka akageukia ukuta. Alisema ni jasho limemwingia machoni. Jasho lilimwingia kwa muda mrefu.

Ndipo Houssein, ambaye ni mtu mwema lakini ana beberu mmoja tu mkubwa, akakohoa. "Bon. Sasa ile maneno yetu iko namna gani? Amekimbia, ama amebeba?"

Ikabidi apigiwe Kassimu, na simu ikawekwa sauti kubwa juu ya ukuta, watu wakaizunguka.

"Alipanda kitu?" ikauliza simu.

"Hapana," akasema Cubaka.

"Alibebwa?"

"Alibeba."

"Alikaa?"

Tukageuka wote. Ulikuwa umesimama pale pale uliposhusha ingobyi, mgongo ukutani, mikono magotini, unahema. Hakuna aliyekumbuka kukuambia kwamba imekwisha.

"Mpaka sasa," Cubaka akasema, "iko imesimama."

Tulisikia soko la Gitega ndani ya simu, mbali, mtu anaita bei ya vitunguu.

"Mwambieni akae," Kassimu akasema. "Baiskeli nitaileta mimi mwenyewe."

Ukakaa. Ulikaa chini, kwenye saruji, polepole, kama jua linavyokaa nyuma ya vilima, na ulipokaa hukuweza kusimama tena. Tulivuta mkono, tukavuta mwingine. Mwishowe wabebaji wa kilimani wakaleta ile ingobyi yao, wakakulaza, wakahesabiana nguvu, wakaongeza watu, wakakupeleka kwenye lori huku mianzi inalia na mji wote unafuata nyuma. Ulipungia watu mkono. Ulisema kwamba ni laini, lakini inahitaji godoro.

Kassimu alitimiza. Baiskeli ilipanda Rugasa na kengele yake. Vitenge viliuzwa, beberu aliuzwa akiwa bado hajaelewa, kitanda cha magurudumu kikachomelewa. Kiangazi kikaisha. Wewe ukarudi kwenye kazi yako ya kulala hadharani, na sokoni hakuna aliyekucheka, isipokuwa Cubaka, ambaye anasema ana haki, kwa kuwa viatu vyake vya kwaya havijapona.

Kisha siku moja ya mvua, ile mvua ya vuli yetu inayogeuza Nyamugari kuwa uji, nilikuwa jikoni nachambua mchele. Simu yangu ilikuwa haina chaji. Nikasikia watu wanaitana barabarani: nini, kuna nini, kumewaka wapi? Nikatoka kibarazani.

Ulikuwa unakuja. Unakimbia, Baba Zuhura. Hakuna aliyeahidi kitu, hakuna filimbi, hakuna wa kukuona ila wauza mkaa waliojikinga mvua. Tope linaruka mpaka mabegani. Ulifika mbele yangu, ukashika nguzo, ukafungua kinywa, na kinywani hakukuwa na kitu. Pumzi yote ilikuwa imebaki njiani.

"Farida?" nikauliza.

Ukaitikia kwa kichwa: ndiyo.

"Wamempigia nesi? Baiskeli ilikuja?"

Ndiyo.

"Alifika?"

Ndiyo, ndiyo, na mkono wako ukachora paa hewani, paa la hospitali, na kitanda, na taa.

"Na mtoto?"

Ukanionyesha vidole viwili.

Nikavitazama. Mvua ikavinyeshea. Nikafikiri siku mbili, nikafikiri saa mbili, nikafikiri kila kitu cha duniani kinachokuja kwa viwili isipokuwa mapacha, mpaka nikauona uso wako, mkubwa, umelowa, unacheka bila sauti kwa kuwa sauti haikuwepo. Nikajitupa kifuani pako. Wewe, usiye na pumzi, ukanishika.

Nyuma yako, akiteleza katika tope, mwavuli umegeuzwa na upepo, Cubaka alikuja mbio. Alikuwa ameacha vitenge wazi mvuani, amekufuata kutoka sokoni bila kujua anafuata nini.

"Ni nani?" akauliza. "Shemeji, niambie tu. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, shemeji," nikamwambia. "Tumeongezeka wawili."